Mayakovskaya: Anga lililojengwa mita 33 chini ya Moscow

Mwaka 1939, watu waliokwenda kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York walikuta ndani ya banda la Muungano wa Kisovieti kipande cha kituo cha treni za chini ya ardhi. Kilijengwa kwa ukubwa wake halisi, na nguzo zake za chuma king'aavu na kuba zake darini, kisha vioo vikubwa vikawekwa ili jicho lione ukumbi unaoendelea bila kikomo. Kituo chenyewe kilikuwa Moscow, kimefunguliwa Septemba 11 ya mwaka uliotangulia. Waamuzi wa maonyesho walikipa tuzo kuu. Jina lake ni Mayakovskaya, na hadi leo treni zinapita hapo kila baada ya dakika chache, zikishusha na kupakia watu wanaowahi kazini.

Vituo vya Moscow vimejaa mapambo: marumaru, shaba, vioo vya rangi, taa za kuning'inia zinazostahili ukumbi wa mfalme. Katika vingi vyake pambo ni vazi, na ukilivua utabaki na handaki la saruji kama mahandaki mengine. Mayakovskaya ni tofauti, na hiyo ndiyo sababu ya kukiandikia makala nzima. Kile kinachobeba uzito wa ardhi pale ndicho hicho hicho kinachopendeza macho. Ukiondoa uzuri wake, kituo kinaporomoka.

Treni za chini ya ardhi za Moscow zilianza kubeba abiria Mei 15, 1935, zikiwa na vituo 13 na njia ya kilomita 11 hivi. Jiji lilikuwa limefurika. Wakulima waliong'olewa mashambani na sera ya ujamaa wa lazima walikuwa wakimiminika kutafuta kazi viwandani, na tramu hazikuweza tena kuwabeba. Lazar Kaganovich, mmoja wa watu wa karibu sana na Stalin, ndiye aliyesimamia mradi huo, na mtandao mzima ukabeba jina lake hadi mwaka 1955. Uamuzi wa kisiasa ulikuwa wazi tangu mwanzo: vituo viwe makasri ya mfanyakazi, ili mtu anayeishi na familia yake katika chumba kimoja apite kila siku ndani ya jumba ambalo zamani lingekuwa la wakuu peke yao. Mayakovskaya ni mtoto wa awamu ya pili ya mradi huo, wakati wajenzi walikuwa wamekwishapata uzoefu na ujasiri wa kujaribu mambo mapya.

Ili kuelewa ujasiri huo, lazima tuingie kidogo katika uhandisi. Ukijenga kituo cha kina kirefu, kwa kawaida unachimba mahandaki matatu yanayolala sambamba. Mawili ya pembeni ni ya treni, la katikati ni la watu. Kati ya handaki na handaki unaacha ukuta mnene wa kubeba mzigo wa ardhi, kisha unautoboa vijia vya kupitia. Njia hiyo ni salama, na vituo vya mwanzo vya kina kirefu mjini Moscow vilijengwa hivyo. Kasoro yake ni kwamba mtu akisimama katikati anaona kuta kulia na kushoto. Anajua yuko shimoni, na treni huisikia kabla ya kuiona.

Mayakovskaya kiliziondoa kuta hizo. Mahali pake palisimamishwa nguzo nyembamba za chuma, zikaunganishwa na mihimili ya chuma inayokwenda urefu wote wa kituo, na mzigo wa ardhi ukapitishwa humo. Mahandaki matatu yakawa ukumbi mmoja. Ukisimama upande huu unaiona treni ya upande ule, na hewa na mwanga vinapita baina ya nguzo bila kizuizi. Hakuna kituo cha kina cha namna hiyo kilichokuwa kimejengwa popote duniani kabla yake.

Msanifu wake, Alexey Dushkin, alikuwa hajafika miaka 35 kituo kilipofunguliwa. Mpango wa kwanza wa kituo haukuwa wake. Alikabidhiwa kazi ambayo tayari ilikuwa imepigiwa hesabu na wengine. Alichokifanya ni kutambua kwamba nguzo za chuma ni hazina ambayo hapaswi kuifukia ndani ya matofali na marumaru. Nguzo ikiwa nyembamba, aliiacha iwe nyembamba. Chuma kikiwa ndicho kinachofanya kazi, alikifunika kwa chuma kingine: mabamba yasiyoshika kutu, yaliyokunjwa mifereji mifereji, yanayopanda na nguzo, yanapinda na tao, na kushuka upande wa pili kama mkondo mmoja usiokatika. Katika majengo ya kale, nguzo na tao hukutana penye kichwa cha nguzo kilichonakshiwa. Dushkin alikifuta kichwa hicho. Jicho linapanda na halipati mahali pa kusimama mpaka limevuka dari.

Mabamba hayo yalikunjwa katika kiwanda cha Dolgoprudny, nje kidogo ya Moscow, kilichojengwa kwa ajili ya kuunda yale maputo makubwa yenye injini yaliyokuwa yakisafiri angani miaka hiyo. Mafundi wa vyombo vya anga walikuwa na mashine za kukunja mabamba marefu na membamba, na wajenzi wa kawaida hawakuwa nazo. Kwa hiyo kituo kilicho ndani kabisa ya ardhi kilivalishwa na watu waliozoea kutengeneza vitu vya kuruka. Pembeni mwa nguzo, sehemu za chini, Dushkin aliweka rodonaiti, jiwe la waridi lenye mishipa myeusi kutoka milima ya Ural. Joto la jiwe hilo linapunguza ubaridi wa chuma, na mtu anayepita karibu huona rangi iliyo hai kwenye kimo cha mwili wake. Sakafu ni marumaru za rangi mbalimbali zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, bila ua wala jani.

Dushkin alipenda muziki, na mkewe, Tamara Ketkhudova, alikuwa mwanamuziki. Sipendi kumweka msanii ndani ya kifungu kimoja cha wasifu wake, lakini mtu akitembea kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, tao likipita, kisha kuba, kisha tao, kisha kuba, anasikia mpigo. Nafasi kati ya nguzo hazibadiliki, na mwendo wa miguu unaanza kufuata mwendo wa jengo.

Sasa tuinue kichwa. Katikati ya kila kuba kuna mozaiki, na leo zinaonekana 34. Zilibuniwa na Alexander Deineka, mchoraji aliyezaliwa Kursk mwaka 1899, mpenzi mkubwa wa michezo na ndege. Mfululizo wake aliupa mada ya saa 24 katika anga la nchi ya Kisovieti. Unaanza asubuhi, unaingia mchana, unazama katika usiku katikati ya kituo, kisha unatoka tena asubuhi. Kila picha inatazamwa kutoka chini, kama vile kuba limetobolewa na wewe umesimama uwanjani unatazama juu. Kuna ndege zinazopita kwa safu, waruka kwa parachuti wakielea, mwanamichezo wa theluji aliyekwisha kuachana na ardhi, matawi ya tufaha, nguzo za umeme, mama amemwinua mtoto wake kuelekea mwanga. Usiku unapofika, saa ya Mnara wa Spasskaya wa Kremlin inachomoza gizani.

Hoja ya Deineka ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: msafiri aliye chini ya tabaka nzito la udongo na mawe asahau kabisa uzito huo. Mwaka mmoja kabla, Valery Chkalov na wenzake wawili walikuwa wameruka kutoka Moscow, wakapita juu ya Ncha ya Kaskazini, wakatua jimbo la Washington nchini Marekani. Watoto walikuwa wakicheza urubani mitaani, na vijana wa kike kwa wa kiume walijifunza kuruka kwa parachuti. Kwa watazamaji wa mwaka 1938 picha hizo zilikuwa habari za wiki ile zilizogeuzwa kioo.

Mikono iliyozigeuza kioo ni ya mtu mwingine ambaye kwangu ndiye moyo wa hadithi hii. Vladimir Frolov aliendesha karakana ya mozaiki Leningrad, kazi aliyoirithi ndani ya familia yake. Zamani za mfalme, karakana hiyo ndiyo iliyofanya mozaiki za Kanisa la Mwokozi Juu ya Damu Iliyomwagika, lililojengwa katika mji huohuo, wakati huo ukiitwa St. Petersburg, mahali Tsar Alexander wa Pili alipouawa. Kuta zake zimejaa nyuso za Kristo, malaika na watakatifu. Mapinduzi yalipokuja, Frolov hakubadili ufundi. Vipande vile vile vya kioo kizito cha rangi, vinavyokatwa kimoja kimoja na kupangwa kwa mkono, vilivyokuwa vikitengeneza mavazi ya watakatifu, vilianza kutengeneza mabawa ya ndege. Dhahabu na buluu za kuba za Mayakovskaya zina ukoo mrefu kuliko siasa iliyoziagiza.

Siasa hiyo lazima itajwe kwa jina lake. Miezi ileile ambayo wajenzi walikuwa wakipachika mabamba ya chuma na kuinua vipande vya anga, mji ulikuwa ukiishi katika hofu kuu. Polisi wa siri walikuwa wakigonga milango usiku. Huko Butovo, kusini mwa jiji, zaidi ya watu 20,000 walipigwa risasi na kuzikwa katika mahandaki kati ya Agosti 1937 na Oktoba 1938: wafanyakazi, wakulima, mapadri, wasanii, wahandisi. Kituo kilifunguliwa kabla mauaji hayo hayajakoma. Sioni namna ya kuandika juu ya mwanga wa kuba zile bila kuweka ukweli huo kando yake. Wala sioni haki ya kuwanyang'anya Dushkin, Deineka, Frolov na vibarua waliochimba kazi yao njema kwa sababu ya mtu aliyekaa Kremlin.

Jina la kituo nalo lina jeraha ndani yake. Vladimir Mayakovsky, mshairi wa sauti kubwa aliyependa mashine, miji na kesho, alijiua mwaka 1930 akiwa na miaka 36. Miaka mitano baadaye Stalin alimtangaza kuwa mshairi mkuu kuliko wote wa zama za Kisovieti, na papo hapo vitabu, mitaa na sanamu vikamfuata. Uwanja ulio juu ya kituo ukapewa jina lake mwaka huohuo wa 1935. Hata hivyo, katika majengo yote yaliyobandikwa jina hilo, naamini hiki kimemtendea haki. Chuma, kasi, mwanga wa umeme, maandishi machache, mistari iliyonyooka: hayo ni mambo aliyoyapigania katika ushairi wake.

Kisha vita vikaja, na picha za darini zikapata maana ambayo hakuna aliyeipanga.

Ujerumani iliivamia nchi Juni 22, 1941. Usiku wa kuamkia Julai 22 mabomu ya kwanza yalianguka Moscow. King'ora kilipolia, watu walishuka vituoni na blanketi, vyakula na watoto. Mayakovskaya, kwa kina chake cha mita 33, kilikuwa miongoni mwa mahali salama zaidi jijini. Wanawake na watoto walilala juu ya mbao zilizotandikwa majukwaani, na wengine wakaingia mpaka ndani ya mahandaki ya reli. Katika usiku wa mashambulizi hayo watoto walizaliwa humo humo vituoni. Fikiria mama aliyelala chali juu ya sakafu ile. Juu yake kulikuwa na ndege, safu kwa safu, katika anga safi la asubuhi. Juu zaidi, ng'ambo ya udongo, kulikuwa na ndege nyingine zilizomfanya akimbilie hapo.

Oktoba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Majeshi ya Ujerumani yalikaribia, na Kaganovich akatoa amri metro ifungwe na iandaliwe kuharibiwa ili adui asiipate. Asubuhi ya Oktoba 16 milango haikufunguliwa. Wakazi walioamka kwenda kazini wakakuta vituo vimefungwa, na taharuki ikaenea mjini kote. Jioni amri ilitenguliwa na treni zikatembea tena. Kama mafundi wangetekeleza amri ile, makala hii ingekuwa ya kumbukumbu ya kitu kisichokuwapo.

Wiki tatu baadaye, Novemba 6, baraza la jiji lilifanya mkutano wake wa kuadhimisha Mapinduzi ndani ya Mayakovskaya, kwa kuwa hakuna ukumbi wa juu uliokuwa salama. Viti vilipangwa kati ya nguzo. Treni moja ilisimamishwa kwenye reli za upande mmoja, mabehewa yake yakawa mahali pa kuwekea makoti na mkahawa. Stalin na viongozi wenzake walifika kwa treni ya upande wa pili. Alihutubia chini ya kuba za Deineka, na redio ikaipeleka sauti yake nchi nzima. Kesho yake askari waliandamana Uwanja Mwekundu, na wengi wao wakaendelea moja kwa moja hadi mstari wa mbele.

Frolov hakuwako. Alikuwa Leningrad, ndani ya mji uliozingirwa, baridi ikiua na mkate ukigawiwa kwa gramu. Aliendelea kupanga mozaiki za vituo vingine vya Moscow, kazi nyingine ya Deineka ikiwa mikononi mwake, hadi alipokufa Februari 1942. Vibao alivyovikamilisha vilitolewa katika mji huo uliozingirwa na hatimaye vikapachikwa katika kituo cha Novokuznetskaya, ambako vinaonekana mpaka leo. Mtu anayekufa kwa njaa huku akikata vioo vya rangi kwa ajili ya abiria asiowajua: nimejaribu kulipita jambo hilo haraka, na sikuweza.

Dushkin aliishi kuona vita vikiisha, na akajenga mengine makubwa. Kazi zake ni pamoja na kituo cha Avtozavodskaya cha mwaka 1943, Novoslobodskaya cha mwaka 1952 chenye vioo vya rangi vinavyowaka kutoka ndani, jumba refu la Lango Jekundu, na duka kubwa la watoto la Detsky Mir. Lakini Novemba 4, 1955, serikali ya Khrushchev, aliyeshika uongozi baada ya Stalin, ilipitisha azimio dhidi ya kile ilichokiita upambaji wa kupita kiasi katika ujenzi. Nyumba zilihitajika, haraka na kwa bei nafuu, na hilo halina ubishi. Wasanifu wa kizazi cha Dushkin walipoteza nafasi zao. Aliendelea kuishi hadi mwaka 1977, akiona vituo vipya vikijengwa kwa vigae na nguzo za saruji zinazofanana kila mahali. Kinachouma ni kwamba Mayakovskaya hakikuwa na kosa hilo. Hakuna pambo la ziada mle. Kama azimio lile lingetafuta mfano wa jengo ambamo kila kitu kina kazi, lingeweza kukichukua kituo hicho.

Juu ya ardhi, sanamu ya Mayakovsky ilizinduliwa mwaka 1958, na vijana wakaanza kukusanyika miguuni pake kusoma mashairi, yao na yale yaliyopigwa marufuku. Mikusanyiko hiyo ilizimwa mwaka 1961, na baadhi ya waandaaji wakafungwa. Wakati huohuo sura mpya zilikuwa zikishuka ngazi za umeme. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu kilifunguliwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Vijana kutoka Kenya, Tanganyika, Zanzibar, Uganda na Kongo walikuwa miongoni mwa waliokwenda Moscow kusoma udaktari, uhandisi na kilimo. Nauli ya metro ilikuwa kopeki tano, na ilibaki hapohapo kwa miaka 30. Kwa sarafu hiyo moja mwanafunzi mgeni, koti zito mabegani, alipata haki ileile ya kupita chini ya kuba za Deineka kama waziri au mfagiaji wa barabara.

Wakazi wa Moscow wana mchezo wao hapo. Mifereji ya chuma ya matao imenyooka sana kiasi kwamba ukiirusha sarafu kwa nguvu na ustadi ndani ya mfereji mmoja, inapanda tao, inavuka juu, na kushuka upande wa pili. Watoto wamekuwa wakiucheza kwa vizazi. Adui halisi wa kituo ni maji. Unyevu wa ardhini umekuwa ukipenya darini kwa miongo mingi na kuharibu mozaiki, na mafundi wamelazimika kurudi mara kwa mara kuzikarabati na kuziba njia za maji. Rodonaiti nayo imepungua, na penye mapengo pamewekwa marumaru. Ukikaribia nguzo kadhaa utaona tofauti: jiwe la asili lina kina cha rangi ambacho kibandiko hakina.

Septemba 2005 ulifunguliwa mlango wa pili wa kutokea, na dari lake likapambwa kwa mozaiki za Ivan Lubennikov, zenye anga, mawingu na vipande vya mashairi ya Mayakovsky. Ni kazi ya heshima na ya mtu aliyemsoma vizuri Deineka. Hata hivyo naona imetandazwa darini kama picha inavyotandazwa ukutani, ilhali zile za chini zimefichwa ndani ya kuba, kila moja katika kina chake na duara lake la taa.

Kina hicho ndicho kinachowafanya wasafiri wengi wapite bila kuziona. Ukiwa jukwaani kando ya treni huzioni hata moja, na ukitembea ukitazama mbele unaona matao tu. Mozaiki inajifunua pale tu unapokuwa chini ya kuba lenyewe. Kwa hiyo anayefika Moscow aende Jumapili asubuhi mapema, saa moja au saa mbili, kabla umati haujaanza. Aanzie upande wa mlango wa zamani, ule ulio chini ya Ukumbi wa Muziki wa Tchaikovsky, na asishike ukuta. Apite katikati ya ukumbi na asimame chini ya kila kuba, ainue kichwa, asubiri macho yazoee, kisha asogee kwenye linalofuata. Mama na mtoto wake ni rahisi kuwapata. Mruka theluji huchukua muda kidogo, kwa kuwa mwili wake umepinda na mwanzoni mtu humdhania ndege.